Picha Niliyompakatisha Wifi Yangu

Nimezaa watoto saba, nimezika wawili, na nimepasuliwa tumbo mara moja. Kovu linaanzia juu ya kitovu na kushuka chini, limenyooka kama mfereji uliopimwa na bwana shamba. Wajukuu wakiliona wanacheka. Nawaambia chekeni, lakini mjue daktari alishika kisu tu. Aliyenichana ni dada wa babu yenu.

Mimi ni mtu wa ziwani, wa Lipingo. Nimekua kwa usipa, dagaa wa kwetu, na muhogo, nikaolewa juu huku Mpepai kwa Wamatengo, watu wa kahawa na mahindi, wanaochimba mashimo ya ngoro kwenye miteremko mpaka mlima unaonekana kama godoro lililoshonwa. Nilikuja sijui jembe la mlimani. Nilijifunza. Mwaka wa tatu ngoro zangu zilikuwa zimepangika kuliko za wifi yangu, na hilo hakunisamehe kamwe. Wifi huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlima wa pili.

Enzi zile sengu ilikuwa bado ina nguvu. Sengu ni hivi: nyumba zote za ukoo mmoja zinaleta chakula mahali pamoja, wanaume wanakaa upande wao, wanawake upande wao, mnakula, na mkishakula mnasemana. Aliyempiga mke atasemwa. Aliyesogeza mpaka wa shamba atasemwa, mikono ya watu ikiwa bado inanuka mboga. Na pale kwenye sengu hakuna kosa chafu kama kula kwa kujificha. Mwizi wa mahindi anaweza kusamehewa akala tena na wenzake. Anayekula peke yake gizani, huyo hata watoto wake wanaangaliwa vibaya.

Haya yalitokea miaka ile ya ruksa, soko huria lilipofika Mbinga. Chama cha ushirika kikabaki na ghala lenye popo, wakaja wanunuzi binafsi wa kahawa na pikapu zao. Maduka ya dawa yakafunguliwa, mtu aliyekuwa anauza viberiti jana leo anauza vidonge. Wifi naye akafungua kilabu cha pombe nyuma ya nyumba yake, na wanunuzi wa kahawa wakawa wageni wake.

Mwaka huo ukoo ulichinja nguruwe, na mguu mmoja ukawekwa akiba kwa siku ya komunyo ya kwanza ya watoto. Ulining'inizwa juu ya moto jikoni kwangu, kwa sababu moshi wangu ulikuwa mzuri na kwa sababu, walisema, kwangu hauogopewi kuliwa. Kila mtu alijua siwezi nyama ya mafuta. Miaka mingi nilikuwa nikila mafuta nashikwa hapa, chini ya mbavu za kulia, maumivu yanapanda mpaka begani, natapika, halafu kesho nimepona. Nikaacha. Nilikuwa nakunywa mchuzi wa maharage na kusukuma nyama kwa jirani. Wifi alisema hayo ni maringo ya watu wa samaki.

Wiki moja kabla ya komunyo niliingia jikoni nikakuta kamba tupu.

Sikupiga kelele. Nilikwenda moja kwa moja kwa shemeji yangu mkubwa, kaka yao, ambaye ndiye mwenye kauli kwenye sengu. Nikamwambia mguu haupo. Alitazama mikono yangu. Ningejua kitakachofuata, ningekaa kimya mpaka padri mwenyewe aulizie.

Kesho yake asubuhi tumbo likanishika.

Halikuwa lile la mbavuni. Hili lilikuwa la katikati, linakuja kwa mawimbi, linakaza kama mtu anayekamua nguo, halafu linaachia. Nikatapika chakula. Nikatapika njano. Kufika siku ya pili natapika kijani, na siku ya tatu kilichotoka kinywani kilikuwa na harufu ambayo haifai kutoka kinywani. Choo hakipiti, hata upepo haupiti. Tumbo likavimba mpaka likang'aa.

Sengu ikakaa uani kwangu, mimi nikiwa nimelala kwenye mkeka. Wifi akasimama.

"Mguu unamrudia," alisema. "Mchana anasukuma nyama, anajifanya hawezi. Jikoni peke yake anaweza. Mnaona tumbo hilo? Nyama ya watoto wa komunyo hiyo."

"Sijala," nilisema.

"Sema, wifi. Sema tu, utapona."

Ubaya ni kwamba maumivu yalikuwa yanakuja na kuondoka. Shemeji alipoinama na kuniambia, "Mke wa mdogo wangu, ungama," tumbo likalegea wakati huohuo, nikapumua, uso ukafunguka. Watu wakaguna. Niliposema tena sijala, likakaza. Walisema tumbo linasikiliza. Sasa najua kulikuwa na kitu kinaviringika ndani ya utumbo, kinaziba hapa, kinasogea, kinaziba pale. Lakini nani angejua siku ile? Hata mimi kwa dakika moja nilijiuliza kama niliula mguu ule usingizini.

Wifi akaniletea chumvi ya kuharisha kutoka duka la dawa. Akaninywesha mwenyewe, mkono mmoja nyuma ya shingo yangu, mbele za watu, aonekane mwema. Dawa ya kusukuma, na huko mbele mlango umefungwa. Nililia kama ninazaa.

Nikaomba hospitali. Shemeji akasema nitapelekwa, ila niseme kwanza, maana nikifia njiani na neno hilo tumboni watoto hawatapokea komunyo kwa amani. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye gogo, anachora chini kwa kijiti. Alikuwa mtu mpole. Namshukuru Mungu kwa upole wake, lakini siku ile nilitamani ningeolewa na mkali.

Aliyeniokoa ni binti yangu, aliyeolewa Ngumbo, kule ziwani. Alikuwa amepanda na usipa mkavu kuuza sokoni Mbinga, akasikia huko, akaacha ndoo zake kwa mwenzake. Alifika jua likiwa utosini. Alisalimia shikamoo kwa wote, mmoja mmoja, kama alivyofundishwa, halafu akanifunua tumbo, akanifunika.

"Nani amesema asubiri?" aliuliza.

"Sengu imesema," wifi alijibu.

"Basi sengu ije imbebe. Au ikae hapo iendelee kula."

Hakuna mtoto aliyewahi kusema hivyo pale. Alitoka barabarani akasimama katikati, mikono imetanuka, mbele ya pikapu ya mnunuzi wa kahawa. Wakanilaza juu ya magunia.

Kwenye mlima wa kwanza gari likachemka. Mnunuzi akashuka kutia maji, akaja nyuma kunitazama. Mtu mkarimu, mgeni wa huku, kofia kichwani.

"Pole sana, mama. Wewe si wifi yake yule mama wa kilabu?"

Binti akasema ndiye.

"Mama yule ana moyo. Juzijuzi alitukaribisha mguu wa nguruwe wa moshi, sijala kitu kama kile tangu nizaliwe. Tuliumaliza mpaka mfupa."

Akafunga kifuniko cha rejeta, tukaondoka. Binti yangu alinitazama nami nikamtazama. Nilikuwa nimeanza kuachia, nawaambia kweli. Nilikuwa nimeshasema sala ya kutubu na kuwaaga watoto kimoyomoyo. Niliposikia habari ya mguu nikakataa kufa. Kila gari liliporuka kwenye shimo nilisema ndani: sitakufa mimi, wifi, sitakufa nikakuachia ukoo mzima uamini mdomo wako.

Hospitalini walinipitisha mpira puani, yakatoka maji ya kijani nusu ndoo, kisha wakanisukuma chumba cha eksirei. Mpiga picha alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akanilaza kwenye meza ya baridi, akapiga, akaingia kwenye kichumba chake cha giza, akatoka na picha inachuruzika maji. Akaishika mbele ya dirisha. Akanikazia macho.

"Bibi, vua hirizi."

"Sina hirizi."

"Iko hapa kiunoni, upande wa kulia. Duara jeupe. Watu mnazifunga, mnasema hamna, mnaniharibia picha."

"Mimi Mkatoliki."

"Hata wanaokuja na rozari wanazo."

Nilikuwa mtu wa kufa, lakini hasira ilininyanyua. Nikafungua khanga, nikabaki kama nilivyozaliwa, mzee wa watu, mbele ya mwanaume asiye wangu. Nikamwambia atafute. Akainamisha macho, akaomba radhi. Safari hii akanisimamisha, binti akinishikilia kwa nyuma, akapiga tena.

Picha ya pili ilipotoka aliisogelea mpaka miwani ikaigusa. Akaziweka zote mbili dirishani. Lile duara lilikuwepo, ila lilikuwa limehama. Picha ya kwanza lilikuwa karibu na mfupa wa nyonga, ya pili limeshuka kuelekea katikati.

"Hirizi iliyovuliwa haitembei," alisema. "Kitu hiki kiko ndani."

Akamwita daktari. Walizungumza, nami nikasema mimi ndiye mwenye tumbo, nionyesheni. Yule mzee, kwa sababu alikuwa na aibu ya hirizi, akanionyesha kila kitu kwa ncha ya kalamu. Nakumbuka mpaka leo, naweza kumfundisha mtu.

Kwanza utumbo mwembamba. Ulikuwa umetanuka, umelala tabaka kwa tabaka, na kwenye picha ya kusimama maji yalikuwa yametulia sawasawa chini na hewa nyeusi juu, kama vyungu vya pombe vilivyojaa nusu. Hiyo maana yake njia imezibwa. Pili, lile duara, jeupe ukingoni na hafifu katikati. Jiwe. Hilo ndilo lililoziba. Na la tatu, ambalo daktari aliliangalia kwa muda mrefu kuliko yote, juu huku kwenye ini palikuwa na mistari myeusi yenye matawi, kama mti mdogo.

"Hiyo ni hewa," mzee alisema. "Hapo hewa haina kazi. Imepanda kutoka utumboni, na haiwezi kupanda bila tundu."

Daktari akanieleza. Jiwe lilikuwa limekua miaka na miaka kwenye mfuko wa nyongo. Ndilo lililokuwa linanishika mbavuni kila nikila mafuta. Likaota kubwa, likatafuna ukuta wa mfuko, likajitobolea njia kuingia utumboni, likasafiri mpaka pale utumbo mwembamba unapokuwa mwembamba zaidi, likakwama.

"Kwa hiyo halikupitia mdomoni," nilisema.

"Halikupitia mdomoni."

"Na nyama? Unaona mguu wa nguruwe humo?"

Daktari akamwachia mzee.

"Nyama haionekani kwenye picha, bibi," mzee alisema.

"Basi andika kwamba sikula."

"Mashine haisemi ulichokula. Inasema umezibwa na jiwe, na jiwe ni la nyongo yako mwenyewe."

Nilipasuliwa jioni ileile. Jiwe lilikuwa kubwa kama yai la njiwa, kahawia, lina vijipembe. Waliniwekea kwenye kichupa. Nilipotoka nilimng'ang'ania yule mzee mpaka akanipa picha zote mbili, akazifunga kwenye gazeti.

Sikuzipeleka kwenye sengu haraka. Nilisubiri nipate nyama mwilini, niweze kusimama muda mrefu bila kushika ubavu. Msimu wa kahawa uliisha, mnunuzi mwenye kofia akaenda zake na hakurudi. Siku nilipokwenda nilivaa khanga mpya na kujifunga kama mtu wa harusini.

Watu walipokwisha kula nilifungua gazeti. Nikampa shemeji picha aishike juani. Nikaeleza vyungu, nikaeleza jiwe, nikaeleza mti wa hewa juu ya ini. Nikatoa kichupa kikazunguka mkono kwa mkono. Wanawake walikitikisa karibu na sikio. Kilipofika kwa wifi alikipokea kwa vidole viwili.

"Picha za hospitali zinaonyesha wanachotaka wao," alisema.

"Na jiwe?"

"Mtoni mawe yako mengi."

Watu wachache wakacheka. Shemeji hakucheka. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake ngumu. Akaifunga picha kwenye gazeti kwa uangalifu akanirudishia.

"Tumbo lako halikuwa adhabu," alisema. "Hilo tumekosea, na tunakuomba radhi. Lakini mguu ulikuwa jikoni kwako, na mguu haupo. Picha imekuondolea laana. Haijakuondolea mguu."

Ningeweza kusema hapohapo. Maneno ya mnunuzi yalikuwa kwenye ulimi wangu. Lakini mnunuzi alikuwa hayupo, na shahidi wangu alikuwa mwanangu mwenyewe. Wifi angecheka, watu wangechagua pande, na mimi ningebaki Mnyasa, mtu wa ziwani, anayetafuta pa kutupia mzigo. Nilitaka itoke kinywani mwake. Kinywa kilichofunga ndicho kifungue. Nikakaa chini, nikamtazama. Nadhani siku ile alielewa kwamba najua, kwa sababu aliacha kupita njia ya kwangu.

Nilikaa na neno hilo misimu miwili. Padri aliniuliza kwenye maungamo kama nina kinyongo, nikamwambia ninacho, na nakitunza vizuri. Kwenye sengu walinipa chakula, lakini hakuna aliyenipa tena kitu cha akiba kukiweka juu ya moto wangu. Moshi ule ukapanda bure. Wajukuu wa nyumba nyingine wakija kucheza, mama zao walikuwa wanaangalia mikono yangu. Mkitaka kujua kisasi kinachemkaje, chemkeni hivyo misimu miwili.

Halafu tumbo likamshika wifi.

Nilisikia mchana, nikichuma kahawa. Amevimba, choo hakipiti, anatapika. Niliacha kikapu shambani. Nilimkuta kwenye mkeka uani kwake, tumbo limepanda upande mmoja kama mlima, ukoo umemzunguka, na mwanamke mmoja anakoroga chumvi ya kuharisha kwenye kikombe. Nikakichukua kile kikombe nikakimwaga.

"Hiyo hapana," nilisema. "Hiyo wameshanijaribia mimi."

Nikatoka barabarani, nikasimama katikati kama binti yangu alivyosimama. Pikapu ya kahawa ikaja, dereva mwingine, kijana wa Mbinga. Wakambeba wifi wakamkalisha mbele, amejikunja. Nikaenda kwangu mbio, nikarudi na gazeti langu. Nikafungua mlango wa gari, nikamwekea picha magotini.

"Ipakate," nilimwambia. "Uende nayo mpaka Mbinga."

Dereva akaweka mkono kwenye ufunguo.

"Subiri," nilimwambia.

Watu wote walikuwa wamesimama pale, shemeji mbele yao. Wifi alinitazama kwa macho mekundu. Sikuinama wala kubembeleza.

"Sema, wifi. Sema tu."

Muda niliozuia gari ulikuwa mfupi, kama wa kumenya kiazi. Msinifanye mbaya kuliko nilivyokuwa. Lakini ningedanganya nikisema niliona huruma katika muda huo. Niliona mkeka wangu. Niliona mkono wake nyuma ya shingo yangu.

"Mguu nilichukua mimi," alisema. Sauti ile ya milima miwili ilikuwa imebaki kama ya kifaranga. "Niliwapa wageni wangu wa kahawa. Huyu hakula."

"Rudia," nilisema. "Wa nyuma hawajasikia."

"Basi, mama," dereva alisema.

"Rudia."

Alirudia. Shemeji alivua kofia yake, sijui kwa nini, labda alikosa la kufanya na mikono. Nikaingia nyuma kwenye magunia, nikagonga bodi, gari likaondoka.

Nilikwenda naye nikiwa na hakika ya jiwe. Njia nzima nilikuwa nalipima kichwani, kama litazidi langu. Yule mzee wa miwani alinikumbuka. Alipiga picha, akaitoa ikichuruzika, akaishika dirishani, nami nikasogea kabla ya daktari. Nikatafuta duara. Nikatafuta mti wa hewa kwenye ini. Hakuna.

"Jiwe liko wapi?" niliuliza.

"Hana jiwe," mzee alisema. "Huyu utumbo mpana umejisokota. Tazama."

Nikatazama. Utumbo mmoja mkubwa uliojaa hewa ulikuwa umekunjika katikati na kupanda mpaka karibu na mbavu, pande mbili nene zimebanana na mstari mmoja mweupe kati yake.

"Inafanana na nini hiyo?" aliniuliza.

Mtu wa Mbinga hahitaji kuambiwa. Ilikuwa punje ya kahawa, kubwa, imejaa tumbo zima.

Nilicheka mpaka kovu likaniuma. Mzee alidhani nimechanganyikiwa kwa huzuni, akanipa kiti.

Walimpasua, wakakata kipande, akapona. Ni mzima mpaka leo, ana miaka mingi kuliko mimi, na sauti imerudi. Kwenye sengu ya kwanza baada ya kupona alikuja na picha yake kwenye gazeti, akataka nayo izunguke. Shemeji akaiinua juani, akasema, "Kahawa hii." Nikasema kahawa yenyewe ya daraja la mwisho, hakuna mnunuzi. Wanawake wakacheka mpaka vyungu vikatikisika, na wifi akakunja gazeti lake.

Sengu siku hizi imebaki Krismasi na Pasaka, kila nyumba inakula kwake mbele ya redio. Lakini zikifika siku hizo, mguu wa nguruwe unakaushwa juu ya moto wangu na hakuna mwingine. Ninaukata mimi. Mimi mwenyewe sili, ingawa daktari alisema siku hizi naweza kujaribu kidogo. Kipande cha wifi nampelekea kwa mkono wangu, mbele ya watu wote, namwekea kiganjani, na nasimama pale ninamtazama mpaka ameze.